Fahamu wapiga mbizi wa jeshi: Kutoka Alexandria 1941 hadi Likoni 2019, hivi ndivyo wasee hawa huchapa kazi chini ya maji

Kama ulikuwa Nairobi mwisho wa Septemba 2019, unakumbuka. Ukipanda mathree ya 46 kutoka tao kwenda Kawangware, kila msee alikuwa ameinamia simu akiangalia video moja. Gari linateleza kinyumenyume kutoka kwa feri ya MV Harambee pale Likoni, linaelea kidogo, kisha linapotea. Ndani kulikuwa na mama na bintiye wa miaka minne. Ilikuwa Jumapili, tarehe 29.

Siku zilizofuata, kutoka Kencom hadi Kangemi swali lilikuwa lile lile: Navy wako hapo tu Mtongwe, ng'ambo ya maji, kwani wanangoja nini? Wengine walicheka. Wengine walisema hao wanajeshi hawajui kuogelea. Gari lilitolewa Ijumaa ya Oktoba 11, siku ya 13, kutoka kina cha karibu mita 58.

Hasira ilikuwa ya haki. Familia ilikuwa inangoja hapo ufuoni. Lakini wengi wetu tulikuwa tunawapima wale wapiga mbizi kwa picha tuliyotoa kwa muvi. Hebu tuweke rekodi sawa: hawa watu ni nani, walitoka wapi, na maji huwafanyia nini.

Mpiga mbizi wa jeshi ni nani?

Kwanza elewa kwamba kuna aina mbili, na hii ndio sehemu watu wengi huchanganya.

Wa kwanza ni yule wa kujificha. Huyu hutumwa usiku, anaogelea hadi kwa meli ya adui au ufuo wa adui, anafanya kazi yake na kurudi bila mtu kujua alikuwa hapo. Huko ng'ambo wanamwita mtu-chura, juu ya yale mapezi marefu ya mpira anayovaa miguuni.

Wa pili ni yule wa kutafuta na kusafisha. Huyu hutegua mabomu yaliyotegwa majini, hukagua matumbo ya meli, huinua vitu vilivyozama, na hutafuta watu waliozama. Kelele si shida yake. Shida yake ni kina, giza na muda.

Wote wawili huvaa gwanda moja na wote huitwa wapiga mbizi. Lakini mtungi wa huyu unaweza kumuua yule. Tutafika hapo.

Ilianza na Waitaliano wawili na topido

Usiku wa kuamkia Novemba 1, 1918, Waitaliano wawili, Raffaele Rossetti na Raffaele Paolucci, waliingia bandari ya Pola, ambayo leo iko Kroatia. Hawakuwa na mtungi wa hewa. Walikuwa wameng'ang'ania topido iliyogeuzwa kuwa kama boda ya majini, vichwa vikiwa juu ya maji. Walibandika bomu kwa manowari ya Viribus Unitis na ikazama. Kitu hawakujua ni kwamba saa chache tu kabla ya hapo, ile meli ilikuwa imetolewa mikononi mwa Austria-Hungaria na kupewa taifa jipya la Waslavi wa kusini. Walizamisha meli ambayo haikuwa ya adui tena.

Miaka 23 baadaye Waitaliano walirudi wakiwa na kitu kikali zaidi. Usiku wa Desemba 18 kuamkia 19, 1941, nyambizi iliyoitwa Scirè iliwaachilia wanaume sita karibu na Alexandria, Misri. Walipanda topido tatu, wawili wawili, safari hii wakiwa wamevaa vifaa vya kupumulia chini ya maji. Waliteleza ndani ya bandari wakati Waingereza walifungua wavu wa kuzuia nyambizi ili meli zao wenyewe zipite.

Luigi Durand de la Penne na mwenzake Emilio Bianchi walikuwa na manowari ya HMS Valiant. Topido yao iligoma, Bianchi akalazimika kupanda juu, na de la Penne akaivuta peke yake kwa matope hadi chini ya meli. Wote wawili wakashikwa. Waingereza wakawafungia ndani ya ile ile Valiant, chini kabisa, wakidhani woga utawafanya waseme bomu liko wapi. Hawakusema. Dakika chache kabla ya mlipuko, de la Penne aliomba kumwona nahodha Charles Morgan na kumwambia awaondoe watu wake. Bomu likalipuka, meli ikakaa kwa matope. Na HMS Queen Elizabeth pia ikaharibiwa asubuhi hiyo hiyo. Wanaume sita, manowari mbili kubwa nje ya vita kwa miezi mingi.

Mnamo Machi 1945, Italia ikiwa sasa upande mmoja na Uingereza, de la Penne alipewa nishani kubwa kabisa ya nchi yake. Aliyeibandika kifuani mwake ni Morgan, nahodha wa ile meli aliyoilipua.

Vita hivyo vilifika pia huku kwetu. Mnamo 1942 Waingereza waliogopa Wajapani na wakahamisha meli zao za Bahari ya Hindi hadi Kilindini, Mombasa. Mei 30 mwaka huo, nyambizi ndogo ya Wajapani yenye watu wawili iliingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, ikaharibu manowari ya HMS Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Kwa hivyo hii mambo ya kuvamia bandari kutoka chini si ya Ulaya peke yake.

Wamarekani nao walijifunza kwa damu. Novemba 1943 huko Tarawa, Pasifiki, boti zao zilikwama kwa miamba ya matumbawe juu hakuna mtu alikuwa amepima kina vizuri. Wanajeshi walitembea mamia ya mita ndani ya maji wakipigwa risasi. Baada ya hapo wakaweka nguvu zote kwa vikosi vya waogeleaji wa kwenda mbele kupima ufuo na kulipua vizuizi. Kutoka kwa vikosi hivyo ndio SEAL walizaliwa, Januari 1962.

Afrika pia iko kwa hii historia. Kati ya 1969 na 1970, wapiga mbizi wa jeshi la Misri walivamia bandari ya Eilat, Israeli, zaidi ya mara moja na kulipua meli.

Na kuna aibu. Julai 10, 1985, majasusi wa Ufaransa walitega mabomu mawili kwa meli ya Rainbow Warrior ya watu wa mazingira, Greenpeace, ikiwa imetia nanga Auckland, New Zealand. Mpiga picha Fernando Pereira alikufa. Haikuwa vita. Ilikuwa meli ya raia waliokuwa wanapinga majaribio ya nyuklia. Ujuzi ni ule ule, tofauti ni nani anautuma.

Mbona huyu wa kujificha hatoi mapovu?

Ukiona mtu wa skuba wa kawaida pale Diani au Watamu, kila akipumua nje unaona mapovu yanapanda. Kwa mtalii hiyo ni sawa. Kwa mwanajeshi chini ya meli ya adui, hayo mapovu ni kama kuwasha taa.

Kwa hivyo yeye hutumia mtambo unaozungusha pumzi yake. Anapumua oksijeni tupu. Akitoa pumzi, hewa inapita kwa kemikali inayonyonya kabonidioksidi, oksijeni kidogo inaongezwa, anavuta tena ile ile. Hakuna povu, hakuna kelele, na kamtungi kadogo kanadumu kwa saa kadhaa.

Lakini kuna bei. Oksijeni tupu chini ya presha ni sumu. Ukipita karibu mita 6 inaanza kuwa hatari, na akishuka zaidi ya hapo ni kwa dakika chache tu zilizopimwa. Akizidisha, mwili unaanza kutetemeka kama mwenye kifafa, kile kifaa kinatoka mdomoni, na anazama.

Soma hiyo tena. Yule komando wa majini unayemwona kwa muvi akipita chini ya meli huogelea karibu na uso wa maji, mita chache tu. Ukimtuma mita 58 na ule mtambo wake, umemuua. Kwa hivyo kusema “si hao ndio makomando, waende chini” ni kama kumwambia dereva mkali wa Safari Rally arushe ndege juu ni mkali.

Mita 58 ni ndefu kiasi gani?

Simama pale City Hall Way uangalie KICC. Lile jengo lina mita 105 hivi na ghorofa 28. Sasa lizamishe lote, kilele kikiwa sawa na uso wa maji. Gari la Likoni lingekuwa karibu ghorofa ya 15 ukihesabu kutoka juu. Zaidi ya nusu ya KICC.

Kila mita 10 ukienda chini, presha inaongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu. Ndio maana ukizama hadi chini ya pool ya mita 3 pale Lavington au Westlands masikio yanauma. Kwa mita 58, presha ni karibu mara 6.8 ya ile ya juu. Hiyo inaleta mambo matatu.

Moja, hewa inaisha haraka. Mtungi wa lita 12 uliojazwa vizuri una kama lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika, kwa hivyo huku juu ungedumu saa mbili. Kwa mita 58 kila pumzi inabeba hewa karibu mara saba. Mtungi ule ule unaisha kwa dakika 17 au 18. Na hapo hujatoa ya kushuka, ya kupanda, na ya dharura. Ukipigana na mkondo wa maji, punguza tena.

Mbili, unalewa. Naitrojeni iliyo kwa hewa ya kawaida, chini ya presha kubwa, inafanya ubongo uwe kama wa mtu aliyepiga chupa kadhaa. Unasahau ulichotumwa. Unaona kila kitu ni sawa wakati hakuna kitu ni sawa. Ndio maana watu wa skuba wa kujifurahisha huambiwa wasipite mita 40. Wanaoenda chini zaidi kwa kazi huchanganyiwa hewa yenye heliamu, ambayo hailewishi hivyo, lakini inahitaji mashine, wataalamu na doo.

Tatu, huwezi kupanda mbio. Fungua soda kwa fujo uone mapovu. Ile naitrojeni iliyoingia mwilini hufanya hivyo hivyo kwa damu na viungo ukipanda haraka. Unaweza kupooza au kufa. Kwa hivyo mpiga mbizi hupanda akisimama njiani, na kupanda kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko ule aliokaa chini. Akipata shida, anahitaji kuwekwa kwa chumba cha presha, arudishwe “chini” akiwa nchi kavu, kisha apandishwe polepole.

Na hii hapa ya watu wa Nairobi: sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mpiga mbizi akitoka majini Mombasa kisha apande SGR au ndege aje tao siku hiyo hiyo, kwa mwili wake bado anapanda. Ushauri wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, saa 18 kama amezama mara kadhaa, na zaidi kama alienda chini sana. Kama uliwahi kupiga skuba Mombasa na ukarudi jioni ukiwa na viungo vinauma, haikuwa uchovu wa sherehe peke yake.

Kenya je?

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilianzishwa Desemba 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Kabla ya hapo kulikuwa na jeshi la majini la kikoloni la Afrika Mashariki, lililovunjwa 1962. Makao ya Navy yako Mtongwe, Mombasa, na kituo kingine kiko Manda, Lamu. Maamuzi makubwa ya jeshi lote hufanywa huku juu, Wizara ya Ulinzi pale Hurlingham, ile steji ya DOD unayopita na mathree kila siku bila kuangalia mara mbili.

Zile aina mbili tulizosema ziko hapa pia. Kuna Special Boat Unit, kikosi maalum cha boti na mashambulizi, na kuna Clearance Diving Unit, wale wa kusafisha na kutafuta. Wamarekani wamesaidia kuwafunza.

Umuhimu wa kujua ufuo ulionekana Septemba 28, 2012. Alfajiri hiyo KDF waliingia Kismayo, Somalia, kutoka baharini, kwa operesheni iliyoitwa Sledge Hammer. Kushusha wanajeshi ufuoni gizani kunataka ujue kina cha maji, mchanga ulivyo, na kama kuna kitu kimetegwa. Kumbuka Tarawa.

Lakini jina la wapiga mbizi wa Navy hutajwa zaidi wakati wa majonzi. Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Oktoba 21, 2017 helikopta ilianguka Ziwa Nakuru ikiwa na watu watano, na wapiga mbizi wa Navy wakaitwa kusaidia. Lile ziwa si refu kwenda chini, lakini maji ni tope, mkono wako mwenyewe huuoni. Huko unatafuta kwa kupapasa.

Na si kwamba wanakuja kwa hisani. Katiba, kifungu cha 241, inasema KDF watasaidia wakati wa dharura na majanga, na Bunge la Kitaifa lipewe ripoti kila wanapotumwa. Kwa hivyo raia ana haki ya kuuliza walifanya nini, na kwa vifaa gani.

Rudi Likoni sasa

Ukiwa na hayo yote kichwani, angalia tena zile siku 13. Mkondo unaobadilika na maji kujaa na kupwa. Meli kubwa zinapita kwenda bandarini. Feri haziwezi kusimama siku nzima, juu maelfu ya watu lazima wavuke. Chini ni giza. Na kina ni cha kulewesha, cha kumaliza mtungi kwa dakika chache. Hata wapiga mbizi binafsi kutoka ng'ambo walikuja na wakagonga mwamba huo huo. Mwishowe gari lilipatikana kwa kazi ya pamoja, na kreni ikalivuta juu.

Hiyo haimaanishi hakuna wa kuulizwa. Swali lililofaa lilikuwa hili: mbona nchi yenye kivuko cha namna hiyo haikuwa tayari na kamera za chini ya maji, mitambo ya kupima kwa sauti na hewa ya heliamu tangu siku ya kwanza? Na mbona gari liliweza kuteleza kutoka kwa feri inayotembea bila kitu cha kulizuia? Maswali hayo yanaenda kwa wakubwa na bajeti zao. Hayaendi kwa kijana aliyekuwa kwa ile kamba, giza totoro, akipapasa.

Unataka kujiunga?

Hakuna usajili wa wapiga mbizi peke yao. Unaingia KDF kwanza, unafunzwa kama kurutu wengine, ndipo unaweza kuchaguliwa. Tangazo hutoka kwa magazeti na tovuti ya KDF, makurutu wa kawaida huwa kati ya miaka 18 na 26, na usajili hufanywa kwa vituo vya kila eneo, Dagoretti na Westlands zikiwemo. Ni bure. Msee akikuambia ana barua ya kuuza, huyo ni konkodi, na wewe ukinunua unaweza kushtakiwa pamoja naye.

Kitu unaweza kuanza leo ni kuogelea. Watoto wengi wa Kawangware na Kangemi hukua bila kuingia pool hata mara moja. Na kujua kutulia ndani ya maji ni kazi ya kichwa kuliko misuli.

Nairobi hakuna bahari, lakini maji yapo

Mto Nairobi unaanzia kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu na kupita Dagoretti na Kawangware kabla ufike tao. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalituonyesha venye kamto kadogo ka mtaani kanaweza kugeuka. Kuna pia mashimo ya mawe yaliyojaa maji, penye watoto huenda kuogelea likizo.

Na huu ndio ukweli mgumu. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne hadi sita, unaanza kuharibika. Hakuna mpiga mbizi wa jeshi, wa Mombasa au wa Marekani, atakufikia kwa huo muda. Karibu kila mara akiitwa, anakuja kuleta mwili nyumbani ili familia izike. Hiyo ni kazi kubwa na ya heshima, lakini si kuokoa. Anayeokoa ni aliye hapo.

Kwa hivyo weka haya kichwani:

Usiruke majini kumfuata anayezama kama hujafunzwa. Atakung'ang'ania, mtazama wawili.

Mrushie kitu: kamba, leso zilizofungwa pamoja, au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko. Huo unaelea vizuri sana.

Mfikie kwa fito ndefu huku umelala chini au mtu amekushika.

Piga kelele, piga 999 au 112. Kenya Red Cross ni 1199.

Akitoka na hapumui, aliyefunzwa aanze kumpulizia pumzi na kukandamiza kifua hapo hapo, asingoje ambulensi.

Usivuke maji yanayokimbia. Hata yakifika chini ya goti yanaweza kukubeba, na gari pia.

Wakati mwingine ukiskia “wapiga mbizi wa Navy wameitwa” kwa habari, utajua nini kinawangoja huko chini, na kwamba zile dakika za kuokoa mtu zilikuwa zimeshapita kabla hawajavaa mapezi.